Wiki Inayoanza Jumamosi

Épiphanie alihesabu kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo siri pekee aliyokuwa nayo.

Mengine yote aliyafanya kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kusifiwa. Alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi huko Gikondo, juu kidogo ya magereji, na wazazi walisema mwalimu yule anaongea kama mtangazaji wa redio. Lakini alipopanda ngazi za kwenda darasani, sauti ndani yake ilihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Alipogawa madaftari, ilihesabu. Alipopima vikombe vya mchele chumbani kwake, kikombe kimoja na nusu cha mtu mmoja, ilihesabu. Ilikuwa sauti ya mama yake, Mukandekezi, mshonaji wa Kabuga, binti wa mchuuzi wa vitambaa aliyetoka Ujiji akafuata biashara mpaka Rwanda na kufia huko. Nyumbani kwa Mukandekezi Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamshwa asubuhi, ya kugombezwa na ya kubembelezwa.

Kisha Épiphanie alipata nafasi katika shule ya bweni ya masista. Siku ya kwanza alifungua kinywa kusalimia, na bweni zima likacheka. Irabu zake zilikuwa fupi pale zilipotakiwa kuwa ndefu, na ndefu pale zilipotakiwa kuwa fupi. Akanyamaza muhula mzima, akasikiliza. Alipoanza kusema tena, alikuwa amebatizwa, amepewa jina jipya, na hakuna aliyecheka.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita. Mama yake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na tangu mazishi yale hakuwahi kumwambia mtu yeyote sentensi moja ya Kiswahili. Si kwamba wasemaji hawakuwapo. Magereji ya Gikondo yalijaa Kiswahili, cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Kampala, kimechanganyika na mafuta machafu na kelele za nyundo. Lakini mwalimu hapiti gereji kuzungumza. Na Kigali ya siku zile, ukisema fulani ni Muswahili, hujasema lugha yake. Umesema ni mwongo, ni mjanja, ni mtu wa kelele, ni mtu wa kuangaliwa mkono wake ukiwa karibu na mkoba wako. Tena tangu vita vianze kaskazini, watu walikuwa na masikio makali. Neno geni likidondoka, kuna aliyeliokota na kuuliza limetoka wapi.

Ndiyo maana Épiphanie alikuwa mtu wa chumba kimoja, kitanda kimoja na sufuria moja, anayeheshimiwa na wote na asiyejulikana na yeyote.

Mwishoni mwa Januari mwaka 1992, fundi mmoja wa magari aitwaye Bizimana alimleta binti yake shuleni. Alikuwa Mwislamu, mtu wa Gikondo toka utoto, mikono yake imeoshwa kwa sabuni lakini kucha bado nyeusi. Mbele ya mwalimu alivua kofia, akaeleza mambo yake kwa Kinyarwanda cha adabu. Mkewe alifia kwenye uzazi. Mtoto akalelewa na bibi yake mzaa mama huko Ujiji. Sasa bibi ameshindwa kuona, mtoto amerudi kwa baba.

"Anaitwa Leila. Ana miaka tisa. Kule alikuwa wa pili darasani, Mwarimu. Tatizo ni moja tu."

"Lipi?"

"Hajui Kinyarwanda hata cha kuombea maji."

Épiphanie alimtazama mtoto. Alikuwa mwembamba, nywele zimesukwa mistari minne, macho yanatembea kutoka mdomo wa baba hadi mdomo wa mwalimu kama mtu anayefuatilia mpira.

Bizimana aliinama akamgeukia binti yake. Kinyarwanda kikabaki nyuma, kikaja Kiswahili chake cha gereji. "Reira, wewe ikae hapa na mwarimu. Saa sita mimi iko narudi kukuchukura. Usirie."

"Silii, baba," alisema mtoto. "Na ni Leila. Siyo Reira."

"Si ndiyo nimesema? Reira."

Épiphanie alihisi kicheko kikimpanda kooni. Kilikuwa kicheko cha nyumbani, cha Kabuga, mama yake akimtania jirani kwa kosa hilo hilo la l na r. Alikibana kwa meno. Akamwonyesha mtoto dawati la tatu karibu na dirisha, akamwambia kwa Kinyarwanda: "Kaa pale."

Leila hakuelewa neno. Alielewa kidole, akaenda.

Wiki sita zilipita hivyo. Leila alifuata vidole. Wenzake waliposimama alisimama, walipofungua kitabu alifungua. Hesabu za ubaoni alizinakili na kuzimaliza kabla ya wote, kwa kuwa saba ni saba kila mahali. Vingine vilimpita juu. Wakati wa mapumziko alisimama peke yake kwenye kona ya jengo, mgongo ukutani, akisogeza midomo bila sauti. Siku moja Épiphanie alipita karibu akasikia. Mtoto alikuwa anajisimulia hadithi mwenyewe, anauliza na kuitikia mwenyewe, "Paukwa?" "Pakawa," sauti mbili katika kinywa kimoja.

Mwalimu aliharakisha hatua, akaenda zake. Usinihukumie mtu huyu haraka, msomaji. Angesimama angejibu "Pakawa" kwa sauti ya tatu, na ya tatu ingesikika.

Katika wiki ya tano kulitokea jambo dogo la jembe. Épiphanie aliwaambia watoto kwamba ku wa gatanu, yaani Ijumaa, kila mmoja aje na kijembe, watapalilia bustani ya shule. Siku ya kulima ikiwa bado haijafika, Leila akaingia darasani na jembe la baba yake limemzidi urefu, amelibeba begani kama bunduki. Darasa likaangua kicheko. Hakuna mwingine aliyekuja na jembe. Mtoto mmoja akapaza sauti: "Muswahili amekuja kulima darasa!" Leila akaliweka jembe chini ya dawati, akakaa juu ya mpini wake mpaka saa sita, na kilimo kilipofika siku mbili baadaye hakuleta kitu, akaadhibiwa kuokota majani. Épiphanie aliandika kwenye daftari lake: hasikilizi maagizo. Aliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri.

Mwezi wa Machi, Diregiteri wa shule, mzee Karangwa, aliwaita walimu. Karangwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelala vibaya kwa miezi mingi. Familia zilizokimbia vita vya kaskazini zilikuwa zimejazana kwa ndugu zao mjini, na kila asubuhi walisimama mlangoni pake wazazi wanaoomba dawati.

"Sina dawati," alisema. "Nina watoto wanaokaa watano mahali pa watatu. Basi tutafanya hivi. Mtoto asiyefuata masomo tutampima. Akishindwa, jina lake linafutwa, nafasi inapewa aliye mlangoni. Mwarimu Épiphanie, katika darasa lako nimeandikiwa mmoja. Huyu wa fundi."

"Bado ni mgeni, Diregiteri."

"Wote mlangoni ni wageni."

"Tumrudishe darasa la kwanza, basi."

"Miaka tisa, darasa la kwanza? Na la kwanza ndilo limejaa kuliko yote. Ama anabaki, ama anaondoka. Jumatatu saa tatu ofisini kwangu. Mimi, wewe, na Spès."

Spès alifundisha darasa la pili na alikuwa kitu cha karibu zaidi na rafiki ambacho Épiphanie alikuwa nacho. Walikunywa chai pamoja kila siku, Spès akisema na Épiphanie akisikiliza. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye ulimi usiolala.

"Mama we, usijisumbue," alimwambia wakishuka ngazi. "Atamfuata baba yake gereji. Waswahili hawapotei. Ukimtupa Muswahili mtoni anatoka na samaki mfukoni, na samaki mwenyewe ni wa mtu."

Épiphanie alicheka. Alicheka vizuri, kama alivyojifunza kucheka, na ndani yake sauti ilihesabu ngazi.

Jioni ya siku ile Bizimana alimngojea nje ya lango, kofia mkononi.

"Mwarimu, nimesikia. Nikuulize kitu kimoja tu. Mtoto wangu ni mjinga?"

"Hapana."

"Utawaambia hivyo?"

"Watampima wenyewe."

"Watampima kwa lugha gani?"

Bizimana aliigeuza kofia yake mara moja, mara mbili. "Akitoka hapa sina mahali pa kumpeleka. Bibi yake haoni. Gereji si mahali pa mtoto wa kike, mimi naijua gereji. Atakaa chumbani, nimfungie mlango kwa nje, ndiyo hivyo. Hana hata jirani wa kuongea naye, Mwarimu. Jioni nikirudi anaongea mpaka nasinzia, na nikisinzia anaendelea."

Jumatatu ilifika. Ofisi ya Karangwa ilikuwa na meza, viti vitatu, na daftari kubwa la majina limefunguliwa. Leila alisimama mbele ya meza, amevaa sare iliyopigwa pasi hadi mistari ikasimama. Nje ya dirisha mama mmoja aliyeshika mkono wa mvulana alikuwa amekaa kwenye ukingo, anangoja. Kila mtu chumbani alijua anangoja nini.

Karangwa alimpa kitabu. Leila alisoma mistari mitano ya Kinyarwanda bila kukwama, akitamka kila silabi na kuziweka zote mahali pasipo pake.

"Anasoma kama kasuku," alisema Spès. Hakusema kwa ubaya.

Karangwa aliandika kwenye karatasi: nane mara saba. Leila akachukua kalamu, akaandika hamsini na sita. Karangwa akaandika mia mbili na nne gawanya kwa sita. Leila akaandika thelathini na nne. Mzee akakuna kidevu.

"Hm. Tumuulize kitu cha kawaida. Cha nyumbani." Akamwinamia, akasema Kinyarwanda taratibu: "Leo ni siku gani?"

Neno siku Leila alikuwa ameshalijua. Alifikiri kidogo. "Ku wa gatatu."

Spès alicheka puani. Wanyarwanda huziita siku kwa namba, wakianzia Jumatatu: hiyo ni ku wa mbere, siku ya kwanza. Ku wa kabiri, siku ya pili, ni Jumanne; ku wa gatatu, siku ya tatu, ni Jumatano.

"Na jana ilikuwa siku gani?"

"Ku wa kabiri."

"Na keshokutwa?" Karangwa alionyesha kwa kidole, akiruka hewani mara mbili kutoka leo.

"Ku wa gatanu."

"Bado siku ngapi tufike ku cyumweru, siku ya kusali?"

Leila alikunja vidole nyuma ya mgongo wake. Épiphanie, aliyekaa pembeni, aliviona. "Nne."

Karangwa alishusha pumzi. "Nane mara saba anaijua. Leo ni lini, haijui. Mtoto wa miaka tisa hajui yuko siku gani. Jamani, si kosa lake. Lakini pale nje yuko mmoja anayejua." Akavuta kalamu na rula, akatafuta mstari wenye jina.

Épiphanie alibaki anavitazama vidole vya mtoto. Vinne vimekunjwa. Sauti ndani yake ikaanza bila kuombwa, kama inavyoanza kwenye ngazi. Mosi, pili, tatu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Leo Jumatatu. Ya tatu. Gatatu.

Mtoto hakubahatisha. Alikuwa amechukua namba za mwalimu na kuziweka juu ya wiki ya bibi yake, wiki inayoanza Jumamosi, moja juu ya moja, hakuna iliyoteleza. Siku ya kusali, ambayo kwa Karangwa ni Jumapili, yeye ameiweka Ijumaa, na kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa ni siku nne. Na jembe, Mungu wangu! Ku wa gatanu, siku ya tano, ni Ijumaa ya Wanyarwanda. Yeye alisikia tano, akaleta jembe Jumatano. Alisikiliza maagizo kuliko wote. Na mimi, alijiambia Épiphanie, mimi niliyezaliwa ndani ya wiki hiyo, niliandika kwamba hasikilizi.

Rula ilikuwa imeshawekwa chini ya jina.

"Diregiteri, labda amechanganya," alisema Épiphanie.

"Amechanganya nini na nini?"

Angeweza kunyamaza hapo. Kalamu ingepita, mama wa dirishani angeingia, mvulana naye angepata dawati alilostahili, na saa nne wangekunywa chai yeye na Spès kama kawaida. Hakuna mtu duniani angejua.

"Hajakosea hata moja," alisema. "Anahesabu kuanzia Jumamosi."

"Nani anahesabu kuanzia Jumamosi?"

"Waswahili."

Karangwa aliinua macho. Spès naye aliinua macho. "Na wewe," mzee aliuliza polepole, "umejuaje Waswahili wanavyohesabu?"

Épiphanie alimgeukia mtoto. Miaka mitatu ya ukimya ilikuwa imekaa kwenye ulimi wake kama kutu kwenye bawaba, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, si ya redio hata kidogo.

"Leila. Leo ni siku gani, mwanangu?"

Mtoto alimtazama mdomo, si macho. Akautazama kana kwamba kuna mtu mwingine aliyejificha humo.

"Mwalimu," alisema. "Kumbe unakijua?"

"Ninakijua."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Leila aliposema tena alikuwa na hasira kavu ya mtu mzima. "Basi mbona umeniacha peke yangu?"

"Anasema nini?" aliuliza Karangwa.

Épiphanie alimgeukia mzee. "Anasema leo ni Jumatatu."

Ulikuwa uongo, na ulikuwa kweli. Wakaendelea. Karangwa aliishusha kalenda ukutani, akauliza kwa Kinyarwanda, Épiphanie akageuza, Leila akajibu, Épiphanie akageuza tena. Jana Jumapili. Keshokutwa Jumatano. Mwezi una siku ngapi. Mtu akiondoka Gikondo Jumanne akakaa siku kumi, atarudi lini. Leila alijibu yote, kisha akaendelea kusema bila kuulizwa, maneno ya wiki sita yakimwagika: kwamba dirisha la karibu yake linavuja mvua inapopiga, kwamba msichana wa mbele humkanyaga makusudi, kwamba mwalimu anapofuta ubao huanza upande ambao yeye hajamaliza kunakili, kwamba bibi yake alimwambia Kigali kuna baridi na kweli kuna baridi. Hakuna aliyemzuia. Chumba kizima kilimsikiliza mtoto ambaye kwa wiki sita walidhani hana la kusema.

Karangwa aliondoa rula. "Hesabu zake ni sawa," alisema. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilimchosha. "Atabaki mpaka mwisho wa mwaka. Utamfundisha Kinyarwanda wewe mwenyewe, saa ya chakula. Lugha hiyo nyingine iwe ngazi, Mwarimu, isiwe nyumba. Nisiisikie uani." Kisha akatoka nje mwenyewe kwenda kumwambia yule mama wa dirishani. Épiphanie alimsikia akianza mara mbili kabla ya kupata maneno.

Spès alikuwa bado amekaa. Akauvuta mkoba wake kutoka sakafuni, akauweka mapajani, akaukumbatia kwa mikono miwili.

"Mama we! Muswahili! Na mimi miaka miwili nakuachia mkoba wangu nikienda chooni!"

Alikuwa anatania. Wote wawili walijua anatania. Wote wawili pia waliona kwamba mkoba haukurudi sakafuni.

Baada ya hapo chumba cha walimu kikawa na upepo mwingine. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia "Jambo, jambo!" kwa sauti ya kuchekesha, mara moja, mara ya kumi, mara ya hamsini. Chai yake aliikuta imeshamiminwa, imepoa, kwenye kona ya meza. Mwalimu mmoja alimuuliza, kwa upole mno, babu yake alikuja nchini mwaka gani hasa, na kwa njia ipi, na kama bado wana watu huko nje. Spès alianza kunywa chai na mwingine. Wala hakukasirika, ulimi wake tu haukujua tena useme nini mbele ya mtu ambaye miaka miwili alicheka vichekesho vyake vyote vya Waswahili. "Ulikuwa unanicheka mimi," alimwambia siku moja mlangoni. Épiphanie alitaka kumwambia kwamba hapana, alikuwa anajicheka mwenyewe. Lakini hilo nalo lingekuwa refu kulieleza, na kengele ilikuwa imepigwa.

Ila alikuwa na saa ya chakula.

Kila siku, watoto wengine wakienda kula, mwalimu na mwanafunzi walikaa kwenye ngazi ya juu na ndizi zao za kuchemsha. Leila hakumsamehe upesi. Siku mbili za kwanza alijibu alichoulizwa, basi. Siku ya tatu walifika kwenye neno la kutembelea.

"Sema: nagiye gusura nyogokuru. Nilikwenda kumtembelea bibi. Ivute u ya katikati. Gusuura."

"Nagiye gusura nyogokuru," alisema Leila haraka, u fupi kama kokwa.

Épiphanie aliziba mdomo.

"Nini? Nimesemaje?"

"Ukiifupisha hivyo, hukwenda kumtembelea. Ulikwenda kumjambia."

Leila alitoa macho. Kisha akaanguka chali kwenye ngazi, miguu juu, anacheka mpaka anakohoa. "Bibi! Masikini bibi yangu! Haoni, lakini hilo angelisikia!" Na Épiphanie akacheka naye, kicheko kile kilichobanwa toka Januari, kibaya, cha sokoni, chenye mkoromo katikati. Hakujua kwamba bado anacho.

Kuanzia hapo walizungumza. Kinyarwanda kilifundishwa, na kilifundishwa vizuri, lakini kati ya neno na neno kulikuwa na nafasi, na nafasi hizo zilikuwa za Kiswahili. Leila alimletea vitendawili vya Ujiji. Viwili Épiphanie alivijua, kimoja alikisahau jibu, wakabishana siku mbili. Leila alimsahihisha. "Siku hizi hawasemi hivyo, Mwalimu, hiyo ni ya wazee." Épiphanie alianza kuandaa usiku, akilala, jambo la kumsimulia mtoto kesho yake. Mtu mzima, mwalimu mwenye cheti, anangoja saa sita kama anayengoja barua.

Aprili ilinyesha. Mei ikakauka. Kinyarwanda cha Leila kilichipua bila kumwaga jasho, irabu ndefu zikawa ndefu, fupi zikawa fupi. Siku moja alijibu swali la mwalimu kwa methali, darasa likageuka kumtazama. Yule msichana wa mbele akamwazima kifutio. Wiki iliyofuata Leila aliuliza kama anaweza kwenda kula na wenzake, leo tu. Épiphanie akamwambia nenda. Kesho yake ikawa leo tu nyingine. Mwalimu alikula ndizi yake kwenye ngazi ya juu, na kutoka pale aliwaona wasichana sita wakiruka kamba, na aliisikia sauti ya Leila ikiongoza wimbo. Alikuwa na furaha. Alijiambia hivyo kwa Kinyarwanda kwanza, kisha kwa Kiswahili, ahakikishe.

Mwisho wa Juni matokeo yalisomwa. Leila alikuwa wa tatu katika watoto sitini na nane. Karangwa alilisoma jina kwa sauti na kumpigia makofi yeye mwenyewe, na Épiphanie akainamisha kichwa ili asionekane uso. Jina halikufutwa. Dawati la karibu na dirisha lilikuwa la mtoto yule, na mwaka ujao dawati la darasa la nne litakuwa lake pia.

Saa tano Bizimana alikuja, kofia mkononi, shati safi. Hakuthubutu kuingia uani kati ya wazazi waliovaa vizuri. Alisimama langoni, akampungia mwalimu.

Leila alikuwa katikati ya uwanja na wenzake, amemshika mkono yule msichana aliyekuwa akimkanyaga. Épiphanie aliteremka ngazi mpaka ya mwisho. Agizo la Karangwa alilijua. Lakini leo ilikuwa siku ya kufunga, uani kulikuwa na kelele, na moyo wake ulikuwa umejaa. Akapaza sauti:

"Leila! Njoo mwanangu, baba yako anakungoja langoni!"

Wasichana sita waligeuka kwa pamoja. Mmoja akanong'ona kitu, mwingine akacheka. Leila alimtazama mwalimu. Halikuwa jicho la dharau. Lilikuwa jicho la mtu anayekuomba kitu, anakuomba sana, upesi, kabla hujaharibu.

"Sinumva, Mwarimu," alisema.

Irabu zote zilikaa mahali pake. Hakuna mtu Kigali nzima angejua kwamba msemaji alizaliwa na kulelewa kwingine. Neno hilo la Kinyarwanda hubeba mambo mawili kwa pamoja, sisikii na sielewi, na Épiphanie hakumuuliza ni lipi.

Aliuita mdomo wake wa redio. Akarudia maneno yale yale kwa Kinyarwanda, wazi, bila kosa. Leila akaitikia vizuri, akainama kidogo kwa heshima, akawaaga wenzake na kukimbilia langoni. Huko Épiphanie alimwona Bizimana akiinama kumsemesha, na mtoto akimvuta baba yake mkono, haraka, waondoke kwanza, wakaongelee mbali.

Uwanja ulipokuwa mtupu alipanda darasani kufunga madirisha. Lile la dawati la tatu bado lilivuja. Alikunja gazeti, akalitia kwenye ufa, akalisukuma kwa kidole mpaka likakaza, kwa ajili ya yeyote atakayekaa pale mwezi wa Septemba. Kisha akasimama katikati ya madawati na kusema "Haya," kwa sauti, kwa Kiswahili, kama mtu anayemwambia mwenziwe twende. Akangoja kidogo. Akachukua funguo.